Mihuri Kumi na Miwili

Siku mbili walitafuta panya.

Binti wa darasa la nne ndiye aliyeanza. Alitoka chumbani kwa babu yake ameziba pua kwa kola ya sare, akasema, "Mama, kuna panya amekufa kwa Babu." Mama Stoo akaacha kufunga kiatu, akaingia na fagio. Alisogeza kitanda, akatoa masanduku mawili, akapekua viatu kimoja kimoja. Panya hakuonekana. Kesho yake harufu ilizidi, na Bibi akashikilia kwamba mnyama huyo lazima yuko juu ya dari. Jirani mwenye ngazi akaitwa, akapanda, akashuka na vumbi kichwani na mikono mitupu. Muda wote huo Koplo alikuwa kitini, blanketi magotini, akiwaelekeza.

"Tazameni na nyuma ya kabati," alisema. "Panya anapenda nyuma ya kabati."

Jumapili asubuhi Mama Stoo aliinama kuokota kijiko kilichoanguka karibu na mguu wa kushoto wa baba yake. Alikaa pale chini muda mrefu kidogo kuliko unaohitajika kuokota kijiko.

"Baba, vua soksi."

"Kuna baridi."

"Baba. Vua soksi."

Jina la Mama Stoo alilipata kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, alikokuwa karani mwaka wa tisa sasa, na lilimfuata hadi nyumbani, ikawa hata mama yake mzazi anamwita hivyo akiwa na hasira. Baba yake naye kila mtu alimwita Koplo, ingawa alistaafu jeshi zamani, baada ya miaka ishirini na sita ya kukaa na simu ya upepo masikioni. Alikuwa na kisukari. Lengelenge la kiatu lilimpasuka unyayoni, likawa kidonda, na kwa wiki sita hizi alikuwa akienda kukisafisha kwenye kituo cha afya cha wanajeshi wastaafu, kila Jumanne na Ijumaa. Hakuwahi kukosa. Alikwenda ameshavaa shati lililopigwa pasi.

Mama Stoo aliivuta soksi, akageuza uso, kisha akajilazimisha kutazama. Bandeji ilikuwa na rangi ya chai. Lakini si rangi iliyomshtua, ni fundo. Lilikuwa fundo lake mwenyewe, lile la kufungia mifuko ya misumari ghalani, ambalo mtu mwingine hawezi kulifunga hata umwoneshe mara tatu. Alilifunga Jumapili iliyopita bandeji ilipolegea. Kati ya siku ile na leo, Koplo alikuwa amekwenda kliniki mara mbili.

"Ijumaa walikuosha?"

"Nilikwenda."

"Sijauliza kama ulikwenda. Nimeuliza kama walikuosha."

"Kadi iko mfukoni mwa koti," alisema Koplo. "Isome."

Aliisoma. Ilikuwa kadi ngumu ya kijani, yenye mihuri kumi na mmoja iliyopangwa vizuri, kila mmoja na tarehe yake na neno moja kwa herufi kubwa: AMEHUDUMIWA. Wa kumi na moja ulikuwa wa Ijumaa ileile. Akatazama kadi, akatazama fundo, akatazama kadi tena. Kazi yake yote ilikuwa kulinganisha karatasi na mzigo, na hapa karatasi ilikuwa safi na mzigo ulikuwa unanuka.

"Kwani huko wanaosha miguu au wanaosha kadi?" aliuliza Bibi kutoka mlangoni.

Koplo alikuwa ametazama ukutani kama mtu anayesubiri amri.

Jumatatu Mama Stoo aliomba ruhusa kazini, akampeleka hospitali ya umma. Mwandikishaji aliuliza kazi ya mgonjwa, akaambiwa ni askari mstaafu, akaiweka kalamu chini.

"Huyu ni wa jeshi. Ana kituo chake."

"Kituo hakimtibu."

Mwandikishaji akaigeuza ile kadi ya kijani, akaihesabu mihuri kwa ncha ya kidole. "Mara kumi na moja, mama. Wengine hapa hawajatibiwa hata mara moja. Mlete na barua ya rufaa kutoka kwao, tutampokea." Nyuma yao mtu akacheka. Koplo aliichukua kadi yake, akaifuta na mkono wa shati.

*

Jumanne walifika kituoni saa moja na nusu. Lilikuwa jengo refu la korido moja, milango sita na kila mmoja na kibao chake: Daktari, Meno, Macho, Maabara, Mazoezi ya Viungo, Vidonda na Sindano. Mitano ilikuwa na kufuli. Mbele ya wa sita wazee walijaa kwenye mabenchi, wamenyoa ndevu, wengine na nishani vifuani, mtu angedhani wamekuja kwenye sherehe.

Jambo la kwanza lililomchanganya Mama Stoo ni kwamba hakuna aliyesukumana. Walikaa kwa vyeo. Meja wawili na makapteni mwanzoni kabisa, kisha maluteni, kisha masajenti, makoplo, na mwisho, karibu na choo, askari wa kawaida. Ukifika na cheo kikubwa saa nne, waliokuja alfajiri wanasogea kukupisha. Baba yake alikwenda moja kwa moja kwenye benchi lake bila kuulizwa.

"Na hawa wa karibu na choo, wanafikiwa?" alimnong'oneza.

"Wakati mwingine."

"Lini?"

"Mvua ikinyesha. Maafisa hawaji."

Mzee mmoja mrefu akasimama katikati na karatasi. Huyu alikuwa Sajenti, aliyewahi kuwa mkuu wa Koplo kambini, na sasa, bila kuajiriwa na mtu, ndiye aliyepanga kila kitu pale nje. Akaita jina lake mwenyewe kwanza. "Nipo!" akajiitikia. Kisha akaanza wengine, na kila aliyeitwa alisimama, au alijiinua kidogo kama hana miguu, akatoa sauti: "Nipo!" "Nipo!" Na kila ilipotoka sauti, ndani ya mlango wa sita kulisikika kishindo kidogo. Du. "Nipo!" Du.

Mama Stoo aliinuka akachungulia. Mezani alikaa muuguzi mmoja, mwanamke wa umri wake, wazee wakimwita Sista. Mbele yake kulikuwa na rundo la kadi za kijani. Akisikia "Nipo" anachukua kadi, anaigonga muhuri, anatia ndani yake bahasha ya vidonge, anaitupa kwenye beseni. Hakuwa amemgusa mgonjwa hata mmoja.

Walioitika walikuwa hamsini na watatu. Saa mbili kasoro, wote walikuwa wamehudumiwa.

Kisha kazi ikaanza. Mpaka saa nane mchana Sista alikuwa ameosha vidonda, amechoma sindano na amepima presha ya watu kumi na tisa. Hakutoka hata kwenda haja. Saa nane na nusu alisimama mlangoni, glavu mkononi, akasema kwa sauti iliyokauka, "Wazee wangu, nisameheni. Dawa ya kuoshea imekwisha na nina wagonjwa wa vitandani kule nyuma. Wengine Ijumaa."

"Kikosi!" alisema Sajenti. Waliobaki wakajinyoosha. "Tawanyika!"

Wakatawanyika. Thelathini na wanne. Walichukua kadi zao zenye mihuri na vidonge vyao, wakaanza safari ya korido, magongo yakigonga sakafu. Koplo naye akanyanyuka.

"Unakwenda wapi?" Mama Stoo alimshika mkono.

"Tumetawanywa."

"Baba, mguu haujaguswa!"

"Usinidhalilishe mbele ya watu," alisema Koplo kwa sauti ndogo. "Kuna sajenti hapa hajaoshwa. Mimi niingie kama nani?"

Mama Stoo akamwachia, akamgeukia Sista. Maneno aliyokuwa ameyaandaa tangu saa moja na nusu yalikuwa makali, lakini Sista alikuwa ameegemea mwimo wa mlango amefumba macho, na makali yakapungua kidogo.

"Sista, nieleze polepole, maana nimechanganyikiwa. Baba yangu ana mihuri kumi na miwili. Umeshamwosha mara ngapi?"

Sista akafumbua macho, akamtazama Koplo kwa muda. "Huyu ni wa benchi la tatu," alisema. "Benchi la tatu sijalifikia muda mrefu."

"Sasa mihuri?"

"Ningegonga saa ngapi, dada? Tulikuwa saba hapa. Wawili wamestaafu, mmoja amehamishwa, mmoja yuko masomoni, mmoja ana mtoto mchanga. Daktari aliitwa kwenye semina mwezi wa pili. Hajarudi na hakuna aliyetuambia harudi. Nikigonga mmoja mmoja sitafika hata hao kumi na tisa. Sajenti ndiye aliyenisaidia. Akasema tuite majina asubuhi, wakiitika nigonge, hapo karatasi zimekwisha, niendelee na watu."

"Mimi niko ghalani," alisema Mama Stoo. "Kwetu mtu akitia sahihi ya kupokea mzigo lori halijashusha, anafukuzwa siku hiyohiyo. Unajua kwa nini? Kwa sababu mwenye lori akishaiona sahihi, anaondoka na mzigo."

Sista alimtazama kama vile ameambiwa kwa lugha ngeni. Kisha akageuza kichwa, akatazama ukutani nyuma ya meza yake. Palikuwa na cheti ndani ya fremu. KITUO BORA CHA MWAKA. Wagonjwa hamsini na zaidi kwa siku kwa muuguzi mmoja.

"Nimeandika barua nne kuomba watu," alisema. "Ile ya nne wakanijibu kwa hicho."

Sista akavuta kigoda, akamkalisha Koplo, akapiga magoti palepale koridoni, akaifungua bandeji. Aliosha kwa maji ya chumvi yaliyobaki kwenye jagi. Dakika nane. Alipomaliza hakufunga mara moja, alikaa anaangalia.

"Vidole viwili vinakufa," alisema. "Kidonda kikifika kwenye mfupa, mguu unaondoka. Huyu ni wa rufaa wiki hii, si wiki ijayo. Lakini rufaa inaandikwa na daktari, na daktari ni kufuli hilo hapo." Akachukua kadi ya Koplo, akaangalia muhuri wa kumi na mbili. "Angalau leo haukudanganya."

*

Makao makuu walipokea simu siku ya pili yake, jaribio la sita. Sauti ilikuwa ya kijana mpole. Mama Stoo alisoma namba ya kadi, akasikia vidole vikibonyeza.

"Nimempata. Mbona anaendelea vizuri, mama?"

"Nani anaendelea vizuri?"

"Mzee wako. Amehudumiwa mara kumi na mbili, hakuna hata siku aliyokosa. Kwa kumbukumbu zetu huyu ni wa mfano."

"Mwanangu, mguu unaoza."

Vidole vikabonyeza tena. "Hilo halijaandikwa," ilisema sauti, nayo ilionekana kutatizika kweli. "Angekuwa hahudumiwi ningekuelewa. Lakini mtu anayehudumiwa mara mbili kwa wiki, nikimwombea rufaa nitaandika sababu gani?"

Mama Stoo aliishusha simu. Alikuwa uani, na Bibi alikuwa anaanua nguo.

"Wamesemaje?"

"Wamesema amepona."

"Nani?"

"Koplo wa kwenye karatasi. Yule amepona. Wa kwetu ndiye hajapona."

Bibi alikaa na shuka mkononi. "Basi watuletee huyo wa kwenye karatasi," alisema, "tuwape huyu."

Jioni, jua lingali juu ya ukuta, Mama Stoo alimwosha baba yake kama Sista alivyomwonesha, na huku ameinama akasema alichokuwa amekifikiria mchana kutwa. Ijumaa, Sajenti akimwita, asiitike. Aitike siku atakapohudumiwa.

Koplo aliuvuta mguu kutoka kwenye beseni, maji yakamwagika.

"Unajua unachosema?"

"Najua."

"Hujui. Mimi kazi yangu ilikuwa kuitika. Wenzangu walikuwa na bunduki, mimi nilikuwa na sauti. Kituo kikiita, naitika. Nisipoitika, huko wanajua tumekufa. Kuna mwenzetu aliitwa asubuhi moja akanyamaza. Aliandikwa mtoro. Baadaye tukamkuta mtoni amezama, lakini jina halikufutwa, na mjane wake hakupata hata blanketi. Miaka ishirini na sita sijawahi kuitwa nikanyamaza."

"Mimi nakuita kula kila siku unanyamaza," alisema Bibi.

"Wewe si afisa."

"Na Sajenti ni afisa? Sajenti ni mzee mwenzako ana karatasi mkononi."

Aliyetajwa akabisha hodi. Ilibidi wote watatu watazamane. Sajenti aliingia ameinama, kwa kuwa mlango ulikuwa mfupi kwake, akakaa ukingoni mwa kiti. Alisema amepita tu. Alisema jana aliona yule binti, Sista, amepiga magoti koridoni, na hilo halikumkalia vizuri.

"Naomba nione, Koplo."

"Si kitu, afande."

"Naomba nione."

Mama Stoo aliinua mguu. Sajenti alitazama muda mrefu bila kuziba pua, akauliza swali moja tu: tangu lini hajafikiwa? Koplo akasema hakumbuki. Mama Stoo akasema mihuri inakumbuka, akampa kadi. Yule mzee aliigeuza na kuigeuza.

"Nilidhani tunamsaidia yule binti," alisema mwishowe. "Alikuwa analia juu ya karatasi. Nikasema, karatasi sisi tunazijua, tumezifanya maisha yetu yote, tumwondolee." Akairudisha kadi. "Sasa mimi nimefanya nini? Nimesaidia au nimeharibu?"

"Vyote, Mzee Sajenti," alisema Mama Stoo. Hakuwa na njia laini ya kulisema.

Alimweleza mpango wake. Sajenti hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisimama, akagonga kichwa kwenye mwimo wa mlango, akaomba radhi kwa mlango, akaondoka.

"Nani ameelewa atafanya nini?" aliuliza Bibi.

Mama Stoo aliinua beseni, akaenda kumwaga maji.

*

Ijumaa Mama Stoo alikwenda tena, ingawa mkuu wa ghala alimwambia hiyo ni ruhusa ya mwisho. Mabenchi yalikuwa yamejaa kama kawaida. Sajenti alisimama na karatasi yake. Ndani, Sista alikuwa ameshashika muhuri.

Sajenti akaita jina lake mwenyewe, kama alivyozoea.

Kisha akanyamaza.

Wazee walimtazama. Kapteni mmoja aliyekuwa na masikio mabovu alimuuliza jirani yake kama limeshaitwa. Sajenti alisubiri muda unaotosha mtu kuitika mara tatu, akasogeza kidole chini kwenye karatasi, akaita jina la meja wa kwanza. Meja alifungua kinywa, akamwangalia Sajenti, akakifunga. La pili. Wa pili alisema "Nip—" mazoea yakimtangulia, akajiziba mdomo kwa kiganja kama mtoto. Kuna walioitika wazi kwa kutoelewa, na walipoona wenzao hawaitiki wakaanza kuuliza wamekosea wapi. Lakini kadiri majina yalivyoshuka kwenye mabenchi, kimya kilizidi kuwa kizito.

Jina la Koplo likaitwa.

Mama Stoo alikuwa ameketi kando yake na aliusikia mwili wake ukiruka, kama gari linalowashwa likiwa kwenye gia. Magoti yalitaka kusimama. Sajenti alikuwa anamtazama yeye tu sasa, na macho ya mzee yule hayakuwa na amri, yalikuwa na ombi. Koplo aliushika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Hakuitika.

Sista akatoka mlangoni, muhuri mkononi, wino ukimchafua vidole.

"Mnanifanyia nini?" aliuliza. "Wazee wangu, nimewakosea nini?"

"Hujatukosea, Sista," alisema Sajenti. "Leo tutaitika tukitoka mlangoni kwako, siyo tukiingia."

"Mnajua wataniuliza mimi? Wataniuliza mimi, siyo ninyi!"

Sista aliwatazama mmoja mmoja, akamfikia Mama Stoo, akabaki hapo. Kisha akaingia ndani. Mpaka saa nane na nusu alikuwa amegonga mihuri kumi na minane, mmoja pungufu ya Jumanne, kwa sababu ya kugonga mmoja mmoja. Benchi la tatu halikufikiwa. Ripoti aliituma kama ilivyo. Mama Stoo alikwenda nyumbani hajui kama ameshinda au amemtia mwenzake shimoni.

*

Jumanne iliyofuata, gari la makao makuu lilikuwa limeegeshwa mlangoni. Alishuka mkaguzi, mtu mnene mwenye faili, pamoja na askari wawili vijana. Walikuwa wametumwa kutafuta watoro.

"Ijumaa walikosekana wagonjwa thelathini na watano," alimwambia Sista mbele ya watu wote. "Kituo bora cha mwaka! Wako wapi?"

Sista akaonesha mabenchi kwa mkono.

Mkaguzi alitazama mabenchi, akatazama faili, akahesabu vichwa kwa kalamu, akahesabu tena. Vijana wawili nao walihesabu. Mama Stoo alimwona yule mtu akichanganyikiwa vilevile alivyochanganyikiwa yeye Jumapili ile chini ya kiti, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma kidogo.

"Hawa ndio waliokosekana?"

"Ndio hao."

"Lakini wapo."

"Wamekuwepo siku zote," alisema Sista.

Mkaguzi alinyakua karatasi ya Sajenti, akaanza kuita majina mwenyewe, kwa ukali. Kimya. Akaita jingine. Kimya. Alipofika kwa Koplo alikuwa amepandisha sauti, na kwa sababu Koplo ndiye aliyekuwa karibu, akamwinamia.

"Mzee, ni wewe? Jibu! Upo au hupo?"

Koplo alisimama kwa mguu mmoja, mkono begani kwa binti yake. Alipiga saluti.

"Nimekuja, afande," alisema. "Kufikiwa bado sijafikiwa."

Mama Stoo akavuta soksi. Hakupanga kuivuta vile, kwa ghafla, lakini mikono haikusubiri. Harufu ilipanda. Mmoja wa wale vijana alirudi nyuma hadi ukutani. Mkaguzi hakurudi nyuma, ila faili lilimteremka mkononi polepole mpaka likagusa goti.

"Huyu... huyu ana mihuri mingapi?"

"Kumi na miwili," alisema Mama Stoo. "Mmoja wa kweli."

Alipiga simu, mkaguzi, akiwa amewapa mgongo. Aliongea muda mrefu, na kilichosikika ni neno moja analolirudia: "Nimeona. Hapana, nimeona." Alipogeuka aliamua mambo mawili kwa pumzi moja. Mzee apandishwe garini sasa hivi, apelekwe hospitali kuu ya jeshi. Barua itaandikwa njiani. Na Sista achukue mkoba wake, apande vilevile, akaeleze kwa nini aligonga mihuri ya uongo.

"Na hawa?" Sista aliuliza. "Leo nani atawaosha?"

Mkaguzi alitazama milango sita, ukiwemo wa sita ambao Sista alikuwa anaufunga kwa ufunguo. Sasa yote ilikuwa na kufuli.

"Kikosi," alisema Sajenti, lakini hakumalizia. Hakuna aliyetawanyika. Gari lilipoondoka waliachwa wamekaa palepale kwa vyeo vyao, wakiitazama korido.

Nyuma ya gari walikaa watatu, mguu wa Koplo ukiwa juu ya mapaja ya Mama Stoo. Sista alikuwa anakwangua wino kwenye kucha.

"Watakuuliza na wewe," alisema hatimaye. "Utasemaje?"

"Nitasema uliosha kumi na tisa kwa siku peke yako."

"Na kwamba niligonga hamsini na tatu."

"Na hilo nitalisema. Nikiliacha hawataniamini hilo jingine."

Sista alitikisa kichwa, isijulikane anakubali au anakataa. Kisha akaukagua mguu, akakaza bandeji iliyolegea, akajaribu fundo. Halikumtoka vizuri. Mama Stoo akamwonesha mara ya pili, kisha ya tatu.

Hospitali kuu ilikuwa na watu na mwanga. Sista alipelekwa ghorofani kati ya wale vijana wawili, na hakugeuka nyuma. Koplo aliwekwa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya dirisha la mapokezi. Ndani kulikuwa na mtu mwenye orodha, na kando ya orodha, muhuri.

Mtu yule akaita jina la Koplo.

Koplo alimtazama binti yake. "Niitike?"

Mama Stoo hakujua. Alitazama ule muhuri, akatazama barua mkononi mwake, akatazama ngazi alikopanda Sista. Ghalani angejua. "Sijui, Baba," alisema. "Subiri kidogo."

Jina likaitwa mara ya pili. Mara ya tatu. Watu wakaanza kugeuka. Mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka daktari mfupi mwenye miwani kutaka kujua ni nani huyo asiyeitika, akasikia harufu kabla hajauliza. Alivuta kigoda, akakaa, akaulaza ule mguu gotini mwake na kuanza kulifungua fundo, kwa shida, kucha zikiteleza.

"Vidole viwili sivipati tena, mzee," alisema bila kuinua kichwa. "Mguu nitaugombania."

Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika kisigino, umekishika kwa nguvu, kama mtu anayezuia kitu kisidondoke. Dirishani hakuna aliyekuwa anaita tena.

"Nipo," alisema Koplo.